Meneja na Punje Iliyo Mgongoni Mwake

Wekesa mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na mimi najua kuagana kwa wanakwaya: kila mtu ataanzisha wimbo na hakuna atakayekubali kuwa wa kwanza kunyamaza. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Begi lako nimeliona pale mlangoni. Sitakuambia habari za kufua soksi wala kulala mapema. Mtu ambaye kampuni ya mbegu imemwita Kitale ikamkabidhi shamba la majaribio na wafanyakazi wa kulisimamia anaweza kujifulia soksi, na asipozifua, wafanyakazi watamwambia.

Ninaandika kwa sababu ya swali moja. Jumapili tukitoka kanisani uliniuliza, "Mama, Meneja nimwache na wewe ama niende naye?" Nikakujibu kwamba nimeacha maharagwe motoni. Hakukuwa na maharagwe yoyote motoni, na ulijua, maana ni wewe uliyezima gesi. Ukaninyamazia kwa heshima, na umeninyamazia hivyo mpaka leo. Kesho asubuhi Otieno atakayekupeleka anakuja na pikapu yake, na bado hujui kama utabeba paka au la, kwa sababu umeniachia mimi niseme. Asante kwa hilo. Ningekuwa wewe ningemtia ndani ya koti nikaondoka naye, vile vile ulivyomleta.

Unakumbuka ulivyomleta? Tulikuwa bado Kangemi, kile chumba kimoja nyuma ya soko, mimi na wewe na magunia ya nafaka ambayo hayakuwa na pa kulala ila kwetu. Uliingia na sare ya shule, koti umelifunga vifungo vyote, na jua lilikuwa linawaka. Nikakuuliza una nini. Ukasema, "Nasikia baridi." Koti likalia nyau.

"Hapa tunabanana hivi," nikakuambia, "huyo atakaa wapi?"

"Juu ya magunia."

Akakaa juu ya magunia. Kesho yake ukamleta mpaka kibandani kwangu sokoni, na Baba Shiru wa viazi, ambaye hajawahi kuona jambo la mtu akalipita, akaanza.

"Mama Wekesa, naona umeandika mtu kazi."

"Nimeandika. Panya wamenimalizia ndengu."

"Na mbona analala tu?"

"Huyo ni meneja," nikasema. "Ulitaka abebe gunia?"

Soko zima likacheka, na paka akapata jina.

Sasa nikuambie jinsi nilivyomfuga huyo meneja wangu. Mama yangu aliniambia paka akishiba hawindi. Yeye aliambiwa na mama yake. Sisi sote watatu hatukuwahi kumchunguza paka. Kwa hiyo sikumpa chakula. Nilimpa maziwa kidogo chini ya kikombe, kwa hisani, nikangoja panya waishe. Matokeo yake yalikuwa tumbo la kuharisha ambalo Baba Shiru alilisikia kutoka upande wake wa soko. Wewe ulikuwa ukimpa vichwa vya omena kutoka kwa sahani yako ukidhani sioni. Niliona. Mtoto ambaye tangu azaliwe alivisukuma vichwa vya omena pembeni hawezi ghafla kuvimaliza vyote na kuomba vingine.

Baadaye sana ndipo daktari wa wanyama aliniambia kwamba maziwa humsumbua tumbo paka mkubwa, na kwamba njaa haimfundishi kuwinda, inamfundisha kutangatanga. Paka huwinda kwa sababu ni paka. Kwa hiyo kichwa cha omena ulichomfichia ndicho kilichokuwa dawa, na maziwa niliyompa kwa hisani ndiyo yaliyokuwa ugonjwa. Nimeuza nafaka miaka yote hii, sinunui gunia bila kulichoma bambo, ule mchuma wa kuchopolea punje, nione kilicho katikati. Lakini maneno ya wakubwa wangu niliyapokea yameshonwa, nikayaweka rafuni yalivyo.

Jambo la gunia lenyewe unalijua, lakini acha nilieleze kwa upande wangu, maana hatujawahi kulizungumza vizuri.

Ploti ya Kangemi ilipouzwa, wewe ukiwa umeshaingia chuo, tukahamia Riruta. Kwetu paka akihamishwa hutiwa guniani na kuzungushwa, asijue alikotoka. Kila mtu sokoni alikubali kwamba ndivyo inavyofanywa, hata wasiofuga paka. Vitu vikapakiwa kwenye mkokoteni, Meneja akatiwa kwenye gunia la mchele, na wewe ukabebeshwa. Kila tukifika njia panda nilikuwa nikikwambia umzungushe. "Mama, atatapika," ukasema. Nikasema akitapika atasahau vizuri zaidi.

Akatapika, na hakusahau. Asubuhi yake niliufungua mlango nifagie, nikamwacha atoke aone jinsi ploti mpya ilivyo nzuri. Akaitazama, akaondoka.

Ulimtafuta. Kila ukitoka chuoni ulipitia Kangemi, uingie kwa kila kibanda, uchungulie kwenye paa la kile chumba chetu cha zamani. Ulibandika picha yake kwenye nguzo za stima ukaweka namba yangu ya simu. Mtu mmoja akanipigia kuniombea. Mwingine akauliza kama nauza sungura pia. Siku zikaenda, nikachoka kukuona ukirudi mikono mitupu, na jioni moja nikakuambia, "Wekesa, paka ni paka. Soko limejaa paka. Tutaokota mwingine."

Ukasema, "Sawa, Mama."

Nikadhani jambo limeisha. Kumbe kilichoisha ni kuniambia mimi. Ulikuwa ukitoka kimya na sahani ndogo kuiweka nje ya mlango, na asubuhi ukiiosha kabla sijaamka. Sikuwa na roho mbaya, mwanangu. Huzuni yako ilinishinda, nikataka iishe haraka, kama mtu anayefunga duka kwa sababu mteja ameuliza kitu asichokuwa nacho. Huko uendako utasimamia watu. Siku moja mmoja wao atakujibu "sawa" kwa sauti ile. Usiende kulala ukidhani mmeelewana.

Aliyetutoa kwenye hilo giza alikuwa Akinyi, yule dada anayefanya kazi kwenye nyumba moja Muthangari na kununua maharagwe kwangu. Alikuja siku moja akishika kiuno.

"Mama Wekesa, kwani Meneja alipandishwa cheo?"

"Meneja alipotea, Akinyi. Usinichokoze."

"Hajapotea. Ako kwa mdosi wangu. Siku hizi anaitwa Prince, analalia kiti ya velveti."

"Wacha uongo."

"Haki ya nani! Si ako na ile mguu moja nyeusi kama amevaa soksi?"

Jumamosi tukaenda. Nilivaa gauni la kanisani, kwa sababu nilikuwa naenda kugombana na sikutaka kugombana nikiwa na vumbi la ndengu. Mwenye nyumba alikuwa Mwalimu Wairimu, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake, mama mpole mwenye miwani ya kamba. Meneja alikuwa kwenye kiti kweli. Alikuwa amenenepa. Alinitazama vile ninavyomtazama mteja anayeuliza bei ya kila kitu na hana mfuko wa kubebea.

"Akinyi ameniambia mnasema Prince ni wenu," Mwalimu akaanza.

"Hatusemi, Mwalimu. Ni wetu. Anaitwa Meneja."

"Meneja wa nini?"

"Wa nafaka."

Mdomo wake ukacheza kidogo, lakini hakucheka. "Mimi nimemchanja," akasema, "nimemhasi, na nimemwekea chipu. Ukiisoma hiyo chipu utapata jina langu."

Sikujua chipu ni kitu gani. Wala sikutaka ajue kwamba sijui. Nikasema, "Basi twende ikasomwe," kama mtu ambaye husomesha chipu kila wiki.

Kule kliniki daktari alipitisha kifaa juu ya mabega ya Meneja, kama kile cha kusomea bei dukani. Kikalia, namba ndefu ikatokea. Nikauliza hiyo namba imetoka wapi, akanishika kidole akakiweka juu ya ngozi katikati ya mabega, nikahisi chini yake kitu kidogo, punje ya mchele, tena ule mrefu. Huingizwa kwa sindano, akasema, na paka huisikia kama sindano nyingine yoyote, kisha inakaa humo maisha yake yote. Haina betri wala haimuumizi.

"Na inasema paka ni wa nani?"

"Hapana, Mama. Inatoa namba tu. Namba tunaitafuta kwenye usajili, tunaona simu ya mtu. Inatuambia tumpigie nani."

"Kwa hiyo anayewahi kujiandikisha ndiye mwenye paka?"

Ni Mwalimu aliyenijibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mimi sikumnyang'anya mtu. Alikuja kwangu mifupa mitupu."

Akatueleza. Alimlisha akapata nguvu. Kisha siku moja akamwona anaenda kwenye beseni lake la mchanga, anachuchumaa, analia, anatoka, anarudi tena, anajilamba. Alidhani amefunga choo. Alikuwa na chupa ya mafuta mkononi amnyweshe, akaona afadhali kwanza ampigie daktari. Daktari akamwambia, mlete sasa hivi, usingoje kesho. Kumbe alikuwa hakojoi. Paka dume ana njia nyembamba ya mkojo, ikizibwa na chembechembe, sumu inapanda mwilini, na akiachwa hivyo hufa upesi. Walimtia mrija. Mwalimu alikaa naye siku hiyo yote, miwani mkononi.

Nilikuwa nimesimama pale na gauni langu la kugombania, nikijua kabisa ambacho ningefanya mimi. Ningempa kijiko cha mafuta ya kupikia, halafu kipande cha parasetamo kama nilivyokuwa nikikukatia wewe. Nikalisema kwa sauti. Daktari akashtuka: "Mama, usijaribu kamwe! Hata kipande kinaweza kumuua paka."

Basi nilichoweza kusema kilikuwa asante. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengine njia nzima, nikayaacha yote, nikamshika Mwalimu mkono. Kama gunia langu lisingemfukuza, Meneja angekuwa kwangu siku ile aliposhindwa kukojoa, na ningemzika mimi mwenyewe nikisema paka ni paka.

Halafu wewe ukasema. Ulikuwa hujatamka neno tangu tuingie. Ukasema, "Mwalimu, kama ako sawa kwako, abaki. Nilikuwa tu nataka kujua ako hai."

Sijawahi kukuambia nilivyokusikia. Nilikuwa nimekuja kumtetea paka wangu. Wewe ulikuwa umekuja kumjulia hali.

Mwalimu akakugeukia. "Kijana, ulimtafuta?"

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jana."

Mimi niliyelala nyumba moja na wewe nilikuwa sijui. Mwalimu akavua miwani akaifuta na leso, akaifuta tena. Akamwambia daktari, "Badilisha usajili, arudi kwao. Mimi niliandika jina langu kwa sababu nilidhani hana anayemtafuta." Usajili una nafasi mbili za simu. Akaomba abaki kwenye ile ya pili, endapo. Ya kwanza ikawekwa namba yangu, kwa kuwa mimi ndiye mama.

Nikajifanya mtu mwenye paka wa kisasa. Jioni hiyo uliingia ukanikuta nimeikodolea simu macho, ukauliza nangoja simu ya nani. Nikakuambia simngoji mtu, nangoja kuona Meneja akitembea kwenye ramani, mbona hatokei? Ulicheka mpaka ukakohoa. Meneja mwenyewe alikuwa miguuni pangu. Ukanieleza kwamba chipu haionyeshi paka alipo, na kwamba lazima kwanza mtu ampate, ampeleke asomwe, kisha apige. Nikasikitika kidogo. Nilikuwa nimeanza kufikiria kuuliza kama wanawawekea pia vijana wanaotoka kwaya wamechelewa.

Na nilipopoteza simu nikabadilisha laini, ni wewe uliyenikumbusha: "Mama, umeambia watu wa chipu?" Sikuwa nimewaambia. Namba iliyokufa ingeifanya ile kuwa punje ya mchele kweli, isiyofaa hata kupikwa.

Tangu hapo tumemlea vizuri, mimi na wewe na Mwalimu. Tulimfungia ndani mwanzoni mpaka akaizoea Riruta, jambo ambalo lingetosha mara ya kwanza bila gunia. Nilikuwa nimesikia kwamba paka akihasiwa huwa mvivu, lakini huyu alikuwa mvivu kabla, kwa hiyo sikuona tofauti, isipokuwa aliacha kurudi na masikio yaliyochanwa. Umemlowekea chakula kwa maji asubuhi na jioni ili akojoe vizuri, umemwekea vibakuli vya maji hata chini ya kitanda changu. Mwalimu huja kununua maharagwe ambayo Akinyi angeweza kumchukulia, anakaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa, na Meneja anamlalia mapajani mbele ya Baba Shiru bila aibu. Nimepata rafiki uzeeni. Nisingempata kama kila kitu nilichokijua kingekuwa kweli.

Sasa swali lako.

Ijumaa nilimpeleka Meneja kliniki. Nilikuambia ni chanjo ya kichaa cha mbwa, na kweli alichanjwa, cheti kiko na vitu vyake. Lakini nilikwenda na langu moyoni. Nilitaka daktari aniambie paka hawezi kusafiri.

"Daktari, Kitale ni mbali," nikaanza, "na huyu amewahi kuugua kibofu."

"Anaweza kusafiri. Abebwe kwenye kasha lenye hewa, awekewe kitambaa anachokijua harufu. Chakula kidogo kabla ya safari. Maji mkisimama."

"Na baridi ya kule?"

"Ana manyoya, Mama."

"Na akisusa kula?"

"Anaweza kususa kidogo kwa ugeni. Akipitisha siku nzima bila kula, au akianza kuchuchumaa bila kukojoa, aonwe na daktari mara moja. Huko wako."

Akaniangalia vizuri. "Mama Wekesa, unataka nikuandikie kwamba ni mgonjwa?"

Nikasema hapana. Lakini nilichelewa kidogo kulisema, na yeye aliona.

Ukweli ni kwamba nimemzoea. Jioni nikirudi ananifuata jikoni, nami namsimulia mambo ya soko, naye ana kipaji ambacho wewe hukujaliwa cha kusikiliza bila kunisahihisha. Na nilikuwa nimepiga hesabu nyingine. Nilijua mtoto aliyeenda kazini huja kumwona mama yake sikukuu. Lakini akiwa na mgonjwa wa kibofu nyumbani, huyo huja hata katikati ya mwezi. Kwa hiyo, mwanangu, nilitaka kujificha nyuma ya mkojo wa paka. Sioni haya kukuandikia, kwa kuwa tayari nimecheka peke yangu.

Meneja aende na wewe.

Sikupi kama zawadi. Ni wako tangu lile koti, na ulipoambiwa uache kumtafuta hukuacha. Sikukufundisha hivyo, umenifundisha wewe. Nimekulea peke yangu tangu ukiwa mdogo, na watu huniambia hongera. Huwa nazipokea, lakini ndani yangu najua kuna mengi mazuri uliyokuja nayo mwenyewe, mimi nikayakuta. Namshukuru Mungu kwa hayo, na wewe nakushukuru kwa kuyatunza nikiwa naongea mambo mengine.

Pale kliniki, kabla sijatoka, nilimwambia daktari aingize namba yako kwenye ile nafasi ya kwanza. Akauliza kama aitoe ya Mwalimu ili yangu iende ya pili. Nikasema ya Mwalimu isiguswe. Aliyekaa na Meneja siku ile haondolewi.

Vitu vyake viko kwenye katoni chini ya meza. Mungu akutangulie huko, akuwekee watu wema kwenye njia yako kama alivyomwekea huyu.

Meneja akipotea Kitale na mtu mwema akampeleka asomwe, itakayolia ni simu yako. Ukikosa kushika, italia ya Mwalimu. Yangu haitalia. Nimelifikiria hilo tangu Ijumaa na sijalibadilisha. Basi nipigie wewe, Wekesa, hata kama hakuna paka aliyepotea.

Mama yako